Mfuko wangu wa Urea ndio unaoitia nchi madeni?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Heru Juu, Kasulu, mkulima wa mahindi na maharage. Kwa ufupi anauliza: "Msimu wa 2022 nilinunua mfuko wa mbolea ya Urea kwa shilingi 70,000 baada ya kujisajili kwenye mpango wa ruzuku. Juzi redioni nikamsikia mchumi anasema ruzuku ndizo zinazotanua nakisi ya bajeti, na ndiyo maana deni la taifa linakua. Shemeji yangu akanicheka, eti ni sisi wakulima. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini serikali isiziondoe tu? Halafu kuna jirani ana duka kule Manyovu, ananiomba namba yangu ya usajili achukulie mifuko. Nimpe?"

Dada, kwanza pole na shemeji. Mfuko wako kweli umo ndani ya nakisi, hapo hakukosea. Alipokosea ni kwenye ukubwa wake.

Hili neno nakisi linasemwa kama jina la ugonjwa, kwa hiyo tulifungue kidogo. Kila Juni Waziri wa Fedha anasimama bungeni Dodoma kusoma bajeti ya mwaka unaoanza Julai mosi. Ile ya 2022/23 ilikuwa shilingi trilioni 41.48. Wengi wakisikia hivyo wanadhani hizo ndizo fedha ambazo serikali itakusanya. Sivyo. Ndani yake mna kodi, mna tozo na gawio, mna misaada ya wahisani, na mna mikopo ya ndani na ya nje. Ndiyo maana bajeti ikisomwa siku zote inaonekana imelingana pande zote mbili. Weka mikopo pembeni, bakiza mapato na misaada, kisha linganisha na matumizi bila kuhesabu urejeshaji wa mikopo iliyoiva: pengo utakaloliona ndilo nakisi. Ni kile kipande cha matumizi ambacho lazima kitafutiwe mkopo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana pengo hilo lisizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Pato letu la 2022 lilikuwa karibu trilioni 170, kwa hiyo asilimia 3 yake ni kama trilioni 5.1.

Sasa ingiza mbolea. Mwaka huo wa fedha zilitengwa bilioni 150 kwa ruzuku ya mbolea. Hazifiki hata asilimia 0.4 ya bajeti nzima. Na tuchukulie zote zilikopwa, hadi shilingi ya mwisho: zingekula kama asilimia 3 ya ile nafasi ya trilioni 5.1. Yaani katika kila shilingi 100 ambazo tunaruhusiwa kukopa kwa kipimo cha Jumuiya, mbolea ya wakulima wa nchi nzima ingechukua shilingi 3. Mwambie shemeji hivyo, kisha mwache amalize chai yake.

Ila usishangilie mapema. Kuna swali ambalo mchumi wenu wa redioni hakuliuliza, au labda muda wa kipindi uliisha, na kwangu mimi ndilo linalotenganisha ruzuku isiyo na tatizo na ruzuku ya kuangusha bajeti. Serikali imeahidi fedha, au imeahidi bei?

Chukua mafuta. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, bei ya mafuta duniani ikaruka. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza bilioni 100 za kupunguza makali ya bei kuanzia Juni, akaeleza kwamba zitatokana na serikali kujibana katika matumizi yake. Kihesabu maana yake ni rahisi: matumizi yakipanda huku na kushuka kule kwa kiasi kilekile, nakisi haisogei hata hatua moja. Na bei zenyewe hazikufungwa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, iliendelea kutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zikapanda na kushuka, ruzuku ikawa inazipunguza tu. Hiyo ni ahadi ya fedha. Zikiisha, zimeisha, na Hazina inajua kabla mwezi haujaanza itatoa ngapi.

Ugumu wa ahadi hiyo ni muda. Mwezi mmoja unaweza kukata safari na semina. Ukienda hivyo mwaka mzima, bilioni 100 kila mwezi ni trilioni 1.2, mara nane ya mbolea yenu, na hakuna semina za kiasi hicho kwenye nchi hii, ingawa wapo watakaobisha. Ukizimaliza utagusa barabara na zahanati, au utakopa.

Mbolea yako ilikuwa ya aina ya pili, ahadi ya bei. Uliambiwa Urea ni 70,000, basi. Bei ya soko wakati ule ilikuwa imepita 120,000, kwa hiyo kwenye kila mfuko Hazina ilibeba si chini ya 50,000. Gawa bilioni 150 kwa 50,000 upate mifuko milioni 3, sawa na tani 150,000. Sasa fikiria meli inayofuata imeleta mbolea ghali zaidi, au shilingi imeshuka mbele ya dola, mfuko sokoni ukawa 145,000. Wewe bado unalipa 70,000 yako. Hazina inabeba 75,000. Mifuko ileile milioni 3 sasa inataka bilioni 225. Bilioni 75 zimeongezeka na hakuna mfuko hata mmoja ulioongezeka shambani. Na kwa kuwa bei ni nzuri, wanaojisajili nao wanaongezeka. Hapo ndipo afisa bajeti anapokosa usingizi: matumizi yake yanaamuliwa na bei ya gesi inayotengenezea Urea ng'ambo, na hakuna fungu lolote Dodoma lenye mamlaka juu ya bei hiyo.

Malawi walipita njia hii kabla yetu. Walianza mpango mkubwa wa ruzuku ya pembejeo msimu wa 2005/06, mahindi yakajaa, dunia ikawasifu. Kisha bei ya mbolea duniani ikapaa mwaka 2008, na msimu wa 2008/09 mpango huo mmoja ukameza karibu asilimia 16 ya bajeti ya nchi. Mkulima wa Malawi hakuwa amefanya kosa lolote. Aliahidiwa bei, na bei ile ilitakiwa kulindwa. Sisi wakati huohuo tulikuwa na vocha za pembejeo, nadhani unazikumbuka kama ulikuwa umeshaanza kulima: kaya ilipewa vocha ya ekari moja, nayo ikachangia kama nusu ya gharama. Zilikuwa na kero zake, zimeandikwa sana. Lakini kwa upande wa nakisi zilikuwa na breki. Idadi ya vocha ilijulikana, na bei ikipanda mkulima naye anabeba sehemu.

Hadi hapa tumezungumzia ruzuku zinazopita mlango wa mbele, zinazosomwa bungeni. Sasa nikupeleke uani, ambako ndiko kuna mambo, na mfano tunao hapahapa nyumbani Kigoma.

Mimi nimekulia Mwanga, Kigoma mjini. Muungurumo wa majenereta ulikuwa sehemu ya mji kama harufu ya dagaa. Kasulu na Kibondo mlikuwa na yenu. Kwa miaka mingi mkoa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, mtandao wa umeme wa nchi, hadi ilipoanza kufika Oktoba 2022; kabla ya hapo umeme ulitoka zaidi kwenye dizeli. Piga hesabu nami. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta nzuri hutoa uniti 3.5 hadi 4 za umeme. Mwaka 2022 lita kituoni ilikuwa imepita 3,000. Kwa hiyo mafuta peke yake, bila fundi, bila spea, bila nguzo, ni shilingi 750 kwa uniti ukiwa na bahati. Wewe ulilipa ngapi? Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi. Sisi wengine 292. Bei ileile ya Kariakoo.

Ile tofauti ya zaidi ya 450 kwa kila uniti ilikuwa ruzuku, dada, na ilikuwa kubwa kwa kaya moja kuliko mfuko wa mbolea. Hukuisikia kwenye hotuba ya bajeti kwa sababu haikuitwa ruzuku. Iliitwa hasara ya TANESCO, shirika la umeme la taifa. Bei ya umeme ni moja nchi nzima, na mimi naiunga mkono kabisa, kwa nini mtoto wa Kibondo asomee koroboi kwa kosa la jiografia? Lakini ahadi hiyo ni ya bei, tena haina fungu. Shirika linabeba, linachelewa kuwalipa wanaoliuzia mafuta na gesi, linakopa benki kwa dhamana ya serikali, na siku likizidiwa Hazina inaingia. Siku hiyo nakisi inapanda ghafla na watu wanashangaa imetoka wapi. Imetoka kwenye uniti zako za miaka 10 iliyopita. Ukitaka kuziona ruzuku za namna hii, hotuba ya waziri haitakusaidia. Soma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu mashirika ya umma.

Tena angalia kilichozimaliza zile gharama za dizeli. Ni nyaya. Gridi ilipofika, jenereta zikazimwa. Na sasa kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5, unaojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwenye vitabu mkopo ule unaongeza nakisi leo, wazi kabisa, kila mtu anauona. Dizeli haikuonekana. Lakini kati ya viwili hivyo mimi ningechagua mkopo wa Malagarasi asubuhi na mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia nakisi imepanda, muulize imepanda kwa kununua nini.

Kuna na dirisha dogo, nalipita haraka: nafuu ya kodi. Serikali ikisamehe kodi, haijatoa senti, lakini mapato yamepungua na pengo ni lilelile. Mafuta ya taa zamani yalikuwa na kodi ndogo kwa ajili ya kaya maskini. Wajanja wakayachanganya na dizeli, neno uchakachuaji likaingia kwenye lugha, na mwaka 2011 kodi yake ikapandishwa kwa kishindo. Nafuu iliyokusudiwa koroboi ya bibi ilikuwa inaishia kwenye tangi la lori.

Rudi kwenye mfuko wako, maana kuna kitu kingine kuhusu safari ya fedha zake. Ukinunua, wakala anaskani mfuko, taarifa zinakwenda kwenye mfumo, na mwenye kampuni aliyeleta mbolea anadai Hazina ile tofauti. Akilipwa mapema, matumizi yameandikwa na nakisi inaonekana. Akicheleweshwa, nakisi ya mwaka inapendeza, maana fedha haijatoka. Mkopo upo, ila mkopeshaji ni mfanyabiashara, na hakuombwa. Nimefanya kazi ya bajeti kwenye halmashauri moja, sitaitaja, nikaona jinsi madai ya wazabuni yanavyosukumwa Juni yalale hadi Julai ili vitabu vifungwe vizuri. Nilisaini baadhi, sijivunii. Kwenye mbolea, madhara yake yanakufikia wewe moja kwa moja: mwenye kampuni anaendelea kulipa riba benki, msimu unaofuata anaagiza kidogo au anachelewa, na wewe unapanda bila DAP, mbolea ya kupandia, huku bei yake ukutani ikiwa nzuri sana.

Na ikikopwa kweli? Tuchukue mfano wa bilioni 100 kwa hatifungani ya miaka 10, riba asilimia 12. Kila mwaka bilioni 12 zinalipwa kama riba, kwa miaka 10 ni bilioni 120, na mwisho ile bilioni 100 yenyewe inarudishwa. Riba hizo zinaingia kwenye matumizi ya miaka ijayo, kwa hiyo nakisi ya leo inaanza kuzaa nakisi ya kesho. Mahindi ya mbolea ile yameshaliwa, waliokula wameshakuwa watu wazima, na bado tunalipa. Tena benki inayoweza kuikopesha serikali kwa asilimia 12 bila jasho haina haraka ya kuja Kasulu kuhangaika na AMCOS yenu, ule ushirika wa wakulima. Hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye fungu lolote.

Watetezi wa ruzuku, na mimi ni mmoja wao siku nyingine, husema inajirudisha: mbolea inaleta mavuno, mavuno yanaleta kipato, kipato kinaleta kodi. Kwa nchi ni kweli, mavuno yakiwa mengi chakula kinashuka bei na dola za kuagiza nafaka zinabaki. Kwa Hazina ni kweli nusunusu. Ukiuza mahindi, ushuru wa mazao unachukuliwa na halmashauri. Tangu 2017 ni asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 ya mazao ya biashara. Sehemu kubwa ya kipato chako kinachobaki inaingia kwenye ada, bati, na mbuzi, vitu ambavyo watoza kodi wa TRA hawavioni sana. Hazina inapanda, halmashauri inavuna. Sioni ubaya wake, fedha ni za Watanzania walewale, lakini usimwambie mtu wa Hazina kwamba ruzuku ya mbolea italipa deni lake. Atakutazama tu.

Sasa lile la kuziondoa tu. Waliojaribu ghafla wapo. Rais Bola Tinubu alipoapishwa Nigeria tarehe 29 Mei 2023 alitangaza siku hiyohiyo kwamba ruzuku ya petroli imekwisha. Kifedha alikuwa na sababu nzito: mwaka uliotangulia ilikuwa imekula zaidi ya naira trilioni 4, na shirika la mafuta la nchi lilikuwa linakata gharama hiyo kabla ya kupeleka mapato serikalini, yaani uani kama kule kwetu, ila uani mkubwa. Lakini nauli zilipanda ndani ya siku chache. William Ruto naye alipoapishwa Kenya Septemba 2022 alisema ruzuku ya mafuta imegharimu shilingi za Kenya bilioni 144, akaiondoa kwenye petroli. Nakisi ilipata nafuu, mzigo ukahamia kwa abiria. Mzigo haufutiki kwa tangazo, unabadilisha mabega. Kinachostahili kubishaniwa ni kama mabega mapya yanaweza.

Ndiyo maana mimi napenda zaidi ruzuku zenye mwisho. Tangu 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao la michikichi mkoani kwetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora na wakulima wakapewa miche bure. Mche unagawiwa mara moja, mchikichi unazaa miaka 20 na zaidi. Serikali imetoa na imemaliza. Mwaka huohuo wa 2018 ushuru wa kuingiza mafuta ya kula ulipandishwa, asilimia 25 kwa ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, ili kuwalinda wakulima wa ndani. Umeona tofauti? Ushuru huo nao unamsaidia mkulima wa mawese, lakini badala ya kutoa fedha Hazina unaingiza. Anayelipa ni mama anayenunua mafuta sokoni Dodoma, kimya kimya, bila kujua kwamba anawachangia wa Kigoma. Kwa nakisi ni njia nzuri kuliko ruzuku. Kwa yule mama, sijui kama angekubali akiulizwa.

Kuhusu jirani wa Manyovu: usimpe. Manyovu ni mpakani, na mfuko uliolipiwa 50,000 na Hazina ukivuka kwenda Burundi unauzwa bei ya soko. Faida ni ya jirani, mahindi ni ya huko, na gharama imeandikwa kwa jina lako. Halafu siku ukienda kwa wakala utaambiwa mgao wako umeshachukuliwa.

Hukuuliza kama bei ile itadumu, ila naona ndilo swali lililo nyuma ya swali. Juni bajeti ikisomwa, acha jumla ya matrilioni, tafuta mafungu mawili. Fungu 43 ni Wizara ya Kilimo: mwaka ule wa 2022/23 bajeti ya kilimo ilipanda kutoka bilioni 294 hadi 954, ndipo mbolea yako ilipotokea. La pili ni fungu la deni la taifa. La kwanza likisimama palepale huku la pili likipanda, na bei ya Urea duniani ikawa juu, panga msimu wako kwa bei ya juu kuliko ile uliyoizoea, na ukiweza nunua ya kukuzia mapema, kabla foleni ya Novemba haijaanza.